Bei iwe huru, lakini kipimo kiwe cha kweli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa maoni nimjibu msomaji aliyeandika hivi karibuni kwamba kwenye soko huria hakuna dhambi, kuna makubaliano tu. Nilivyomwelewa, anasema muuzaji na mnunuzi wakishaelewana bei, kila mmoja akaondoka na chake, mtu wa tatu hana la kuuliza. Akaongeza kuwa kelele za lumbesa, yaani gunia linalojazwa na kushonewa nyongeza kupita kipimo, zinazopigwa kila msimu ni siasa za kutafuta kura za wakulima.

Mimi ni mfanyabiashara. Nanunua viazi mviringo Njombe na Mbeya, nauza kwa jumla Dar es Salaam. Kazi hii niliianza kabla sijaolewa na ndiyo iliyowasomesha wanangu wote. Soko huria nalipenda kwa dhati, maana nimeishi pale lilipokuwa halipo. Ndiyo sababu barua yake imeniuma.

Nimekulia Kondoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bei ya mahindi ya baba yangu ilitangazwa redioni kabla hajapanda, na mnunuzi aliyeruhusiwa alikuwa mmoja. Mama alitutuma tupange foleni ya sukari alfajiri, na mara nyingi tulirudi na mfuko mtupu wakati nyumba ya tatu kutoka kwetu, yenye ndugu anayefanya kazi dukani, inanukia chai ya maziwa. Mwaka 1983 Serikali, ikiongozwa katika hilo na Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilitangaza vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Watu walitupa sabuni na vitenge porini usiku kwa kuogopa kukamatwa navyo. Nia ya Sokoine naiheshimu mpaka leo. Lakini bei iliyopangwa na ofisi haikutufanya waaminifu. Ilitufundisha kunong'ona, kujuana na kuficha. Ruhusa ya kuingiza bidhaa ilipolegezwa mwaka 1984, kisha Mzee Mwinyi akashika nchi mwaka uliofuata na milango ikafunguliwa zaidi, mtu kama mimi, binti asiye na mjomba ofisini, ndipo alipoweza kununua na kuuza bila kumpigia mtu magoti. Kwa hiyo yeyote anayesoma barua hii asidhani natamani foleni zirudi.

Sasa nije kwenye lumbesa, na niieleze jinsi inavyotengenezwa shambani, maana wengi wanaoizungumzia hawajawahi kuiona ikishonwa.

Gunia likijaa mpaka mdomoni, hapo ndipo kazi inapoanza. Kijana wa kufungasha anachagua viazi virefu, anavipanga vikiwa vimesimama kuzunguka mdomo wa gunia, anavikandamiza kwa goti, anapanga mzunguko wa pili juu yake, kisha wa tatu. Mwenzake ameshika shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, na kamba ya manila, anashonea juu kipande cha gunia jingine au wavu, ndicho kinachoitwa kilemba. Mkulima amesimama pembeni anamimina ndoo baada ya ndoo. Gunia linapanda mpaka linamfika kijana yule kifuani, na bado kwenye daftari la dalali linaandikwa gunia moja. Kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, haziruhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Mizani yangu imeshasoma lumbesa za kilo 130, za 140, na zaidi ya hapo.

Kuna mzee mmoja pande za Uwemba, Njombe, ambaye huwa nanunua viazi kwake. Siku niliyofika na mizani shambani kwake alikuwa na magunia yaliyokwisha kushonwa kwa ajili ya mnunuzi mwingine. Baada ya salamu akaniomba nimpandishie moja aone. Mshale ukasimama kwenye 138. Akaniuliza, "Mama, hizi 38 ni za nani?" Nikamjibu, "Ni zako, mzee wangu." Hakugomba. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akaanza kuhesabu. Msimu uliopita aliuza magunia 40 ya namna hiyo kwa shilingi 70,000 kila moja. Kilo 38 mara 40 ni kilo 1,520, yaani magunia 15 ya halali na ziada, zaidi ya shilingi milioni 1 kwa bei ile ile aliyoikubali. Yeye alijua ameuza kilo moja kwa shilingi 700. Kumbe aliuza kwa 507.

Najua msomaji yule atasema nini hapa, na hoja yake nataka niichukue kwa uzito. Atasema gunia likipunguzwa uzito, bei ya gunia nayo itashuka, kilo itabaki palepale, na mkulima hatapata hata senti ya nyongeza. Ingekuwa kweli kama lumbesa zote zingekuwa na uzito mmoja unaojulikana. Hazina. Akija mnunuzi wa kwanza anayetoa 70,000 na kushona mpaka kilo 138, na wa pili anayetoa 65,000 na kushona mpaka kilo 115, mkulima atamkimbilia wa kwanza kwa sababu 70,000 ni kubwa. Ukigawanya, yule wa pili ndiye aliyetoa bei nzuri: shilingi 565 kwa kilo dhidi ya 507. Pasipo mizani mkulima hawezi kulijua hilo, na yule mnunuzi wa pili, aliyekuwa na nafuu, anarudi na lori tupu. Mwaka ujao naye atakuja na wavu na shazia. Hata bei za jumla zinazotangazwa na Wizara ya Viwanda na Biashara huandikwa kwa gunia la kilo 100. Mkulima anazisikia, anazilinganisha na gunia lake la kilemba, anaridhika. Sifa kubwa ya soko huria, kwamba wanunuzi wakishindana muuzaji ananufaika, inafia hapo kwenye ule mzunguko wa kwanza wa viazi juu ya mdomo wa gunia. Mimi siioni tofauti kati ya kutetea soko huria na kuipinga lumbesa. Ni kazi moja.

Halafu hayo makubaliano anayoyasifu yanafanyika katika hali gani? Mahindi ukiyakausha ukayatia dawa unaweza kusubiri bei. Viazi vikishang'olewa vikakaa juani vinageuka kijani na kuwa vichungu, na vikilowa vinaoza. Lori limekuja, wafungashaji wameshalipwa na tajiri, mvua inanyesha Njombe kama inavyonyesha, na mbolea ya kupandia ilikopwa kwa dalali huyo huyo anayesimamia ushonaji. Mkulima akisema "kilemba sitaki", lori linasogea shamba la jirani. Amekubali, ndiyo. Hata baba yangu zamani alikubali bei ya redioni, kwa sababu kama hizo hizo: hakuwa na pengine pa kwenda. Inanishangaza kwamba mtu anayeiona dhuluma katika ile ya kwanza haioni katika hii ya pili.

Jambo ambalo watu wa nje ya biashara hawalijui ni namna lumbesa inavyomtesa mfanyabiashara anayetaka kwenda sawa. Nauli ya lori tunatozwa kwa gunia. Kwenye geti la ushuru wa mazao wanahesabu magunia. Sokoni ushuru ni kwa gunia, na mbeba mizigo naye analipwa kwa gunia. Mimi nikileta tani 1.4 katika magunia ya kilo 100 nalipia magunia 14 kila kituo. Jirani yangu mwenye lumbesa za kilo 140 analeta mzigo ule ule akilipia magunia 10. Tukifika sokoni, mama wa genge na kijana wa chipsi wanalitazama gunia langu la saizi ya sheria, wanalitazama la jirani lenye kilemba, wanajua watapata sado nyingi zaidi kule, yaani vile vindoo vya kupimia rejareja, wanaenda kule. Siwalaumu, nao wana watoto. Kuna misimu nimerudi nyumbani na hasara kwa sababu tu ya kukataa kilemba, na mume wangu, Mungu amrehemu, aliniuliza kwa upole kama kweli mtu mmoja anaweza kunyoosha biashara ya nchi nzima.

Hawezi. Hilo ndilo ninalotaka wanaosema "maadili ni ya mtu binafsi" walisikie kutoka kwa mtu aliyejaribu. Uaminifu wa mmoja, pale ambapo udanganyifu unapewa punguzo kila geti, unageuka kuwa adhabu kwake. Anavumilia msimu mmoja au miwili, kisha ama anafunga biashara ama anatafuta shazia. Wengi niliowafahamu walitafuta shazia, na hawakuwa watu wabaya. Ndiyo maana kipimo lazima kiwe sheria ya wote na kisimamiwe, ili mwaminifu asiwe ndiye anayeumia.

Kuhusu wabeba mizigo niseme kwa kifupi, ingawa wanastahili barua yao. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mzigo anaobebeshwa mwanamume mtu mzima usizidi kilo 55. Sokoni kwetu usiku vijana wanabebeshwa zaidi ya mara mbili ya huo, wanapita kwenye tope na maganda, kwa malipo ya gunia moja. Ninao ninaowajua tangu wakiwa barobaro, leo hawajafika miaka 40 na hawawezi kuinama kuchota maji. Msomaji yule anasema mtu wa tatu hana la kuuliza. Hawa ndio watu wa tatu. Makubaliano ya dalali na mnunuzi yamepita juu ya migongo yao na wao hawakuwepo yalipofanyika.

Wala tusiambiwe kwamba kupima ni kazi ngumu kwa nchi yetu. Lori linalotoka Njombe kuja Dar es Salaam linapita mizani ya Makambako, linapita Wenda pale Iringa, na kabla halijaingia mjini linapita Vigwaza. Ekseli ikizidi uzito dereva anasimamishwa na faini inalipwa, bila kujuana. Tunapima kwa sababu tunaijua thamani ya lami, na tunafanya vizuri. Basi tumeweza kuijali lami. Mzigo ule ule unapimwa mara kadhaa njiani kwa ajili ya barabara, lakini pale shambani, mahali pekee ambapo uzito wake ungeamua mkulima atakula nini mwaka mzima, haupimwi hata mara moja.

Msomaji yule aligusa pia dini, akasema tuiache msikitini na kanisani. Mimi ni Mwislamu na nilichofundishwa chuoni nikiwa mtoto ndicho kilichonifanya nilielewe soko. Watu wa Madina walipolalamikia bei kupanda wakamwomba Mtume, rehema na amani zimshukie, awapangie bei, alikataa. Alisema mpangaji wa bei ni Mwenyezi Mungu, na kwamba anatumaini kukutana na Mola wake bila mtu kumdai dhuluma ya damu wala ya mali. Lakini ni yeye huyo aliyepita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la nafaka la muuzaji, akakuta chini pamelowa, akamuuliza kwa nini hakuweka iliyolowa juu watu waione, akasema anayeghushi si miongoni mwetu. Bei aliiachia soko, lundo akalifunua. Na ipo sura nzima ya Kurani, Al-Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya wanaojipimia kamili na kuwapunja wenzao. Wenzetu Wakristo wanayo Mithali 11, aya ya kwanza kabisa, kuhusu mizani ya hadaa. Dini hizi mbili zinazotofautiana mengi zimekutana kwenye mizani.

Na kwa kuwa alimtaja Adam Smith, yule mwanauchumi wa zamani anayesifiwa na watetezi wa soko huria, kama shahidi wake, binti yangu anayesoma uchumi amenikumbusha kwamba bwana huyo alikuwa mwalimu wa falsafa ya maadili pale Glasgow, na kwamba katika kitabu chake cha 1776 aliwaonya wasomaji kuwa watu wa biashara moja ni nadra wakutane, hata kwa burudani, bila mazungumzo kuishia kwenye njama dhidi ya umma. Hakuwa mtu wa kudhani soko linajisafisha lenyewe.

Wapo watakaosema basi Serikali inunue yenyewe. Tuliona korosho mwaka 2018. Wakulima wa Mtwara na Lindi walikataa bei za wanunuzi mnadani, zilizokuwa chini ya shilingi 3,000, na Rais Magufuli akaamuru korosho zinunuliwe na Serikali kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakazibeba. Bei ilikuwa nzuri kusikia. Lakini wakulima wengi walisubiri fedha kwa miezi, mpaka ndani ya 2019, na wengine wakaingia msimu mpya bila hela ya salfa, dawa ya mikorosho. Kwa upande mwingine, korosho hizo hizo, tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007, zinapimwa ghalani na kuuzwa kwa kilo, mnadani, mbele ya wakulima wenyewe. Mfumo huo una matatizo yake, makato yakiwa la kwanza. Hata hivyo mkulima wa korosho aliweza kukataa bei kwa sababu aliijua bei ya kilo yake. Mkulima wa viazi hana hata cha kukataa, hajui kilo yake ameambiwa shilingi ngapi.

Wenzetu Kenya walitunga kanuni za viazi mwaka 2019, gunia lisizidi kilo 50. Utekelezaji nao umewasumbua, kwa sababu kama zetu: wanaofuatwa zaidi ni wa shambani. Hapo ndipo nina pendekezo, na nalitoa kama mtu anayeyajua malori. Kila mwaka hapa kwetu tunasikia mkuu wa wilaya ametangaza lumbesa marufuku, mgambo wanaenda vijijini, mkulima maskini anakamatwa na gunia ambalo hakulishona yeye wala hakulitaka. Tuache kumfuata mkulima. Wakala wa Vipimo, ambao upo tangu 2002 na una watu wanaoijua kazi, wasimame kwenye milango ya masoko makubwa ya jumla mijini, usiku, saa malori yanapoingia. Gunia lenye kilemba lisiingie kuuzwa. Lumbesa isiyouzika Dar es Salaam haitashonwa Njombe, hakuna mtu atakayepoteza kamba yake bure.

Pamoja na hilo, ushuru wa mazao utozwe kwa kilo. Mwaka 2017 Serikali iliushusha kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, tukashukuru. Asilimia ya thamani haiwezi kukokotolewa kwa kuhesabu magunia yasiyojulikana uzito, na geti linalohesabu magunia linamlipa mshonaji wa kilemba. Halmashauri yenyewe inapoteza mapato: kwenye tani 1.4 ya jirani yangu inakosa ushuru wa magunia manne. Mizani ya jukwaa kwenye kituo cha kukusanyia mazao, hata ikiwa moja kwa kata, inunuliwe kwa ushuru huo huo, na ushirika wa wakulima ukabidhiwe, na kila mzigo utoke na karatasi ya uzito. Baada ya hapo bei iwe yoyote. Ikiwa 300, iwe 300, mwaka wa mavuno mengi ndivyo ilivyo. Ikiwa 1,200, mimi nitalalamika na nitalipa.

Kwa msomaji aliyeniandikisha barua hii, namkaribisha sokoni usiku wowote malori yakiwa yanashusha. Nitampa mizani, achague gunia lolote mwenyewe.

Na kwako Mhariri, naomba waandishi wako walioko Nyanda za Juu Kusini wawaulize wakurugenzi wa halmashauri za Njombe, Makete na Mbeya swali moja kwa niaba yetu sote: msimu huu unaokuja, kwenye mageti yenu, viazi mtavitoza kwa gunia au kwa kilo? Majibu yao yachapwe kwa majina ya halmashauri, tuyasome kabla malori hayajaanza kupanda.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mama muuza viazi,
Mburahati, Dar es Salaam